Mama Mkwe Aliyesimamisha Filamu

Mimi Dominika nina ugonjwa mmoja, na dawa yake haijapatikana: nataka kujua. Jirani akipika kitu nisichokitambua harufu yake, sili nikashiba. Kwa hiyo msinishangae kwamba nilihangaika sana na suala la mama Silvana, jirani yangu hapa Kasense, mwanamke ambaye Sumbawanga nzima inacheka ikimwona, na mwenyewe hacheki hata kidogo.

Jina lake ni Rosina. Analima mahindi na ulezi, kanisani anaimba sauti ya pili, na hana utani na mtu ambaye hajamsalimia. Kwake salamu ni salamu: unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizia za nyumbani, za watoto, za shamba. Kijana akimrushia "mambo" barabarani, humuuliza, "Mambo gani?" na anasimama kusubiri jibu.

Sasa filamu. Walikuja watu kutengeneza filamu ya kuchekesha huku kwetu, wakaiita Kuku wa Katekista. Modesti, fundi baiskeli wa Milanzi aliyemwoa Silvana, alipewa kuwa mwizi. Kazi yake ilikuwa kukimbia na kuku kwapani, watu wenye fimbo wakimfukuza, kutoka kanisani hadi mtoni. Mwongozaji, Wilibrodi, alimwonya, "Fanya utakalofanya, kuku usimwachie. Tunaye huyo mmoja, na wa kuazima."

Modesti akatimua mbio. Kwenye kona ya njia ya mashambani, uso kwa uso na mama mkwe wake, gunia la ulezi kichwani, hana habari na filamu wala kamera. Yesu na Maria! Modesti alifunga breki, akachuchumaa, akapiga makofi. "Shikamoo, mama." Wenye fimbo nao wakafika wanahema, wakakuta mtu mzima anasalimiwa. Wangefanyaje? Waliweka fimbo chini, wakachuchumaa wote. Hata Isdori mpiga picha, mtoto wa hukuhuku, aliiacha kamera kwenye stendi yake inaendelea kuchukua, akachuchumaa pembeni. Rosina akaanza kuwajibu mmoja mmoja, bila haraka.

Wilibrodi, ambaye si wa huku, akapiga kelele, "Kata! Kata!" Kwao wenye filamu maana yake simamisheni kamera. Rosina alijua kata moja tu, ile ya kitenge unayoizungusha na kuiweka kichwani chini ya mzigo. Akaipapasa.

"Kata yangu ina nini?" akauliza. "Mbona imekaa vizuri?"

Basi! Filamu ilipotoka, watu walicheka hapo mpaka wakashika mbavu. Zimekuja filamu nyingine na zimepita, lakini hii bado inaoneshwa vibandani na kwenye simu, na hata leo mtu akibeba ndoo vibaya pale Chanji, wenzake humwambia, "Kata yangu ina nini?"

Kuchekwa hakukumuudhi Rosina. Kilichomchoma ni mdomo wa Wilibrodi. Alihojiwa redioni, akajisifu kwamba sehemu ile aliipanga yeye, yote, mpaka mkwe kuchuchumaa. Rosina alikuwa anapepeta ulezi. Akaweka ungo chini.

"Kumbe nilisalimiwa kwa maigizo," akasema.

Tangu hapo Modesti akija hajibiwi. Na mkwe asiyejibiwa salamu anaingiaje uani? Anapiga makofi pale nje mpaka anachoka, kisha anapanda baiskeli yake kurudi Milanzi.

Nilimfuata kibandani kwake. "Modesti, kwa nini hujitetei?"

"Dada Dominika, mimi naitwa mwigizaji sasa," akasema. "Nikimwambia sikuigiza, si atasema naigiza tena?" Alikuwa anafuta grisi mikononi, na machozi yanamlengalenga. Nilimwonea huruma jamani. Nikampigia simu Wilibrodi. Akacheka. "Hiyo ndiyo sanaa, dada." Nikamkatia. Ila nami shaka ikaniingia: je, kama alipanga kweli?

Ndipo Silvana akakaribia kujifungua, mimba ya kwanza, miguu imevimba, anamtaka mama yake. Kwetu mama ndiye anayemkanda na kumpikia uji mzazi wa kwanza. Rosina akasema hakanyagi nyumba ya mtu aliyemchezea. Silvana alilia kwenye simu mpaka nikashindwa kumsikiliza. Nikachukua simu yangu, nikavuka kwa jirani.

"Shikamoo, mama Silvana. Filamu yenyewe umewahi kuiona?"

"Niione ya nini? Nilikuwepo."

Nilimwekea hivyohivyo. Akatazama amekunja mikono, midomo ameibana. Akafika pale kwenye kona. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena. Huyu kuku ameenda wapi?"

"Alikimbilia kwenye mahindi. Isdori aliniambia walimtafuta wakakata tamaa. Ile nusu ya pili yote, ya mji mzima kumtafuta kuku, waliibuni palepale baada ya kumkosa."

"Na Modesti alikatazwa kumwachia?"

"Alikatazwa kabisa. Isdori alisikia kwa masikio yake."

"Sasa alimwachia kwa nini?"

Mimi, mjuzi wa mambo ya watu, nikairudisha video mara ya tatu. Jibu alilipata yeye.

"Makofi hayapigwi kwa mkono mmoja," akasema polepole. "Angekuwa anaigiza, angemshika kuku wao." Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Mtoto wa watu, nimemtesa bure."

Hakungoja kesho. Alifunga unga wa ulezi, akazungusha kata, akajitwisha, tukaenda Milanzi. Nilikuwa namkimbilia nyuma, mimi niliye mdogo kwake kwa umri.

Modesti alikuwa anavuka uani na ndoo ya maji ya mkewe kuogea. Alipotuona, ndoo ilimtoka, maji yakatufikia miguuni, naye ameshachuchumaa kwenye tope anapiga makofi. "Shikamoo, mama."

Rosina akatua mzigo. Akaitoa kata kichwani. Kisha akashuka chini naye, mbele ya mkwe wake, akapiga makofi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

Silvana alitokea mlangoni ameshika tumbo, analia na kucheka pamoja. Wale wawili wakaulizana za nyumbani, za kazi, za shamba, salamu zote zilizokuwa zimelala.

Mimi najijua, simu nilikuwa nimeshaitoa nirekodi. Lakini mkubwa akishuka chini, wewe unabakije umesimama? Niliiweka kwenye majani, nikachuchumaa, nikapiga makofi. Kwa hiyo msiniombe video. Sina.