Maji ya Ishiara Kwenye Mashine ya Moto

Mashine ya kupima chumvi kwa moto tulifundishwa muhula mzima kabla ya kuiona. Lekchara aliichora ubaoni. Mimi nikajifundisha kwa simu, chumbani kwangu mtaa wa Majimbo hapa Embu, video baada ya video. Si ngumu. Inanyonya maji yako, inayarusha kwa moto wa bluu, na kama kuna sodiamu moto unageuka manjano, sindano inapanda.

Siku ya praktiko maabarani, tuliambiwa kila watu wawili walete maji ya nyumbani. Mimi natoka Runyenjes, maji yetu ni ya mlima, hayana habari ya chumvi. Tukapeleka ya rafiki yangu, ya kisima cha kwao Ishiara. Alikuwa ashafeli hiyo somo mara moja. Akifeli tena, anarudia mwaka.

Moto ukawa manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Sindano ikagonga mwisho, ikakaa huko.

"Chupa yenu ilikuwa na chumvi," madam wa maabara akasema. "Hii nawapa sifuri."

"Kwani Ishiara mnakunywanga bahari?" mtu akauliza huko nyuma.

"Hata mbuzi zetu hazijawahi nunuliwa chumvi ya kulamba," rafiki yangu akajibu polepole, kama mtu anatoa ushahidi kortini.

Darasa ikacheka. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia madam, kwa sauti si ya kuongelesha madam, kwamba huyu hajawahi danganya mtu, na maji yakishinda mashine unayapunguza na maji safi, husingizii chupa.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi punguza. Na hiyo chupa tutajuaje haikuwa na chumvi?"

Nikafungua begi ya rafiki yangu bila kumuuliza, nikatoa chupa ingine. Huyu hubeba maji ya kwao mpaka chuo, ati ya Embu hayana ladha.

"Wee, hiyo ndiyo nakunywa leo!"

Nikapunguza ya chupa zote mbili, kipimo sawa. Sindano ikasimama katikati, mara zote mbili pale pale.

Madam akamwangalia rafiki yangu. "Kijana, unakunywa hii?"

"Tangu nizaliwe, Madam."

"Haya. Andikeni ripoti."

Ripoti ilikuwa moja ya sisi wawili. Hesabu ikatoka vizuri. Shida ikawa hitimisho: haya maji yanafaa kunywa? Kwa zile namba, hapana. Nikamwambia aandike hapana. Akashika kalamu. Akasema hiyo ndiyo maji mamake anapikia watu, na yeye hawezi kumwandikia mgeni kwamba mamake anapikia watu kitu mbaya. Nikaanza kumfokea. Nikaona uso wake, nikaacha.

Akaandika: "Wakazi wamezoea." Nikaweka sahihi yangu kando ya yake.

Madam alikata hiyo laini na kalamu nyekundu, pamoja na alama zote za hitimisho. Zilizobaki zilitosha kupita.