Kompyuta Ikiniona Inazima

Binti yangu wanamwita Haloo. Jina lake halisi lipo, ila ukiliuliza hapa mtaani utaambiwa hakuna mtu kama huyo. Ni kwa sababu ya kazi yake. Anashinda nyumbani na hedifoni kichwani, anapokea simu za watu ambao hatawaona maisha yake yote. Huyu kifurushi chake hakijafika, yule amesahau namba ya siri, mwingine hana shida yoyote ila ana hasira na anatafuta pa kuzimwagia. Kila mmoja yeye anamwambia, "Haloo, karibu, nikusaidie nini?" kwa sauti tamu ambayo mimi mama yake sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Kuta zetu ni nyembamba. Msusi wa chumba cha pili alianza kumwita Haloo, watoto wakadakia, na mimi nikawa Mama Haloo bila kuulizwa.

Ni mtu asiyetulia tangu akiwa tumboni. Anakula amesimama, anapiga mswaki anatembea. Akiwa na mteja mkali, huku juu sauti yake imepoa kabisa, lakini ukichungulia chini ya meza vidole vya miguu vinacheza kama vimekanyaga makaa. Sisi tulio naye chumbani ndio tunaoviona.

Habari za baba yake nizitaje mara moja niachane nazo, maana nikianza sitamaliza. Nilishona nguo za watu kwenye nyumba yake mpaka mgongo ukapinda. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilizaliwa kwenye cherehani yangu. Duka liliposimama, akaleta mke mwingine, mwenye vyeti, akawaambia ndugu zake nikiwa nimekaa pale pale kwamba mwanamke asiyejua hata kujaza fomu hawezi kumlea mtoto anayesoma. Wakwe zangu, niliowapikia miaka yote hiyo, wakaangalia sakafu. Nikatoka na mtoto, cherehani na meza ya kukatia. Meza alitaka kuizuia. Niliibeba kichwani mwenyewe. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye meza hiyo hiyo, nikifuata kidole cha mtoto kitabuni.

Sasa, Haloo alipopata kazi, baba yake akamnunulia kompyuta. Mpya, na boksi lake, na nailoni zake, na ile harufu ya kitu ambacho hakijashikwa na mtu. Nilimpongeza mtoto. Baba yake sikumtumia hata salamu.

Chumba ni kimoja na meza ni moja. Iko dirishani kwenye mwanga, kwa hiyo yeye anakaa upande wa kulia na mimi wa kushoto. Nikiwa napiga cherehani nangoja amalize simu. Nikitaka kukata kitambaa nahitaji nafasi, basi namwambia sogea, naivuta kompyuta kidogo kwangu ili kona ya mbele iwe wazi, natandaza. Ndivyo tulivyozoea.

Siku ya kwanza ilipozima alikuwa kwenye simu na bibi mmoja ambaye kifurushi chake kilikuwa na dawa. Bibi anaelezea, analia, mara kioo kikawa cheusi, pyu. Haloo akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakikandamiza mpaka ikafa kabisa, akaiwasha upya. Ilipoamka bibi alishaondoka.

"Mama, umegusa nini?"

"Nimeisogeza tu."

"Umegusa waya?"

"Nina mkasi mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine. Nimeugusa waya kwa pua?"

Tukadhani imeteleza tu, haitarudia. Ikarudia. Ikawa kuna asubuhi inafanya kazi bila tatizo, tukianza kusahau, mchana inazima tena. Haloo ndiye aliyegundua. Alivua hedifoni, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mama, hii kitu ikikuona inazima."

Msusi akadakia kutoka upande wa pili wa ukuta. "Imetumwa hiyo! Aliyeinunua kaipa maagizo: ukimwona mke wa zamani, jifanye umekufa!"

Wateja wake wakacheka, na Haloo akacheka. Mimi nilicheka kwa meno. Moyoni nilikuwa nasema, kumbe hata kitu chake kimeambiwa mimi si mtu.

Baada ya hapo msimamizi wake akapiga simu. Nilimsikia, maana alikuwa anaongea kama yuko uwanjani. "Dada, wateja wanasema unawakatia simu. Bado uko kwenye majaribio. Hali ikiendelea hivi hadi Jumatatu, kiti chako tunampa mwingine." Haloo akajibu kwa sauti yake ya kazini, "Nimekuelewa, asante sana." Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja vyote.

Baba yake alipopata habari hakuuliza kompyuta ina nini. Alisema, "Hama huko. Umeme wenyewe wa kubahatisha, chumba chenyewe vumbi la vitambaa. Kwangu kuna chumba kitupu, kina mlango. Kaa huko ufanye kazi kama mtu aliyesoma."

Haloo hakusema ndiyo wala hapana. Kama angesema ndiyo ningepigana. Kwa mtu aliyenyamaza ningepigana na nini?

Tukampelekea fundi. Yuko chini ya ngazi za jengo la benki, kijana mrefu anayefanyia kazi amejikunja kwa sababu ngazi zinamgusa kichwa. Wanamwita Zima-Washa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa.

"Mmejaribu kuizima na kuiwasha?" akauliza.

"Baba, kuzima inazima yenyewe," nikamwambia. "Sisi kazi yetu ni kuwasha tu."

Akaipapasa chini, akasema labda inapata joto. Akabadilisha chaja. Akafuta kila kitu ndani akaweka programu upya, akaiacha inacheza filamu ya vita mchana kutwa, risasi zinalia mpaka mlinzi wa benki akalalamika. Haikuzima.

"Mama, huyu mgonjwa haumwi," akasema akinirudishia.

Tukairudisha nyumbani. Haloo akaiweka mezani, akaanza kazi, mambo yakaenda vizuri. Nami nikakaa, nikachukua suruali ya mteja, nikavuta kompyuta kidogo. Pyu.

Kesho yake hakufanyia kazi nyumbani. Alikwenda kwa baba yake kujaribu. Siku hiyo sikushona kitu cha maana. Nilishona mkono wa shati kinyume nikaufumua, nikashona tena kinyume. Nilitoka mlangoni nikarudi, nikatoka nikarudi, mpaka msusi akaniuliza kama natafuta kuku. Haloo aliporudi jioni alivua viatu polepole, yeye ambaye huvirusha.

"Kule haikuzima hata mara moja," akasema.

"Vizuri."

"Mama, si kwamba nataka kwenda."

"Nimesema vizuri."

Akachukua begi, akaanza kukunja nguo. Baba yake angekuja na gari Jumamosi kabla ya zamu yake kuanza. Nilimwangalia anavyokunja blauzi nilizomshonea mimi, kila moja naijua mshono wake, nikawaza: mume alinitoka nikiwa naona, na huyu sasa anatoka nikiwa naona. Na safari hii sina hata wa kumlaumu. Anafuata umeme.

Ijumaa nikaenda kwa Zima-Washa peke yangu. "Njoo uione nyumbani," nikamwambia.

"Mama, mimi sitembelei wagonjwa. Nikiondoka hapa, mwingine anakaa chini ya ngazi yangu."

"Kwako haizimi. Kwa baba yake haizimi. Kwangu inazima. Sasa mgonjwa ni nani, kompyuta au mimi? Njoo uniangalie mimi basi."

Akacheka. Nadhani alinionea huruma, na siku hizi sikatai huruma kama inakuja na vifaa. Jumamosi asubuhi akafika na kibegi chake. Haloo alikuwa amekaa kitandani, begi lake limefungwa miguuni, kompyuta iko juu ya mapaja. "Fundi, unajisumbua bure," akasema, lakini akampa.

Zima-Washa akaiweka mezani upande wangu, maana ndiko kulikokuwa wazi, akaigeuza chali, akaanza kufungua skrubu. Skrubu zenyewe ndogo kama mbegu za nyanya. Ya kwanza akaiweka juu ya meza, na ya pili, na ya tatu. Alipotaka kuweka ya nne, zile tatu zilikuwa zimehama. Zimesogea zenyewe, zimesimama wima, zimebanana mahali pamoja kama watu wanaosubiri maji bombani.

Akazitawanya kwa kidole. Zikarudi.

"Mama," akasema polepole, "hii meza ina nini?"

Nikaelewa kabla hajamaliza kuuliza. Pini zangu! Kila fundi cherehani anajua karaha ya pini zinazodondoka chini na kumngoja mtu apite bila viatu. Mimi nilitoa sumaku ya spika ya redio mbovu nikaipigilia chini ya mbao, mbao ambayo ni nyembamba, pini zikikaa juu haziendi popote. Ni zamani sana. Nilishaacha kuikumbuka, ilikuwa ni meza tu.

Fundi akaingia chini ya meza na bisibisi, akatoka na sumaku, nene kama andazi, ina kutu. Akaifunga kompyuta vizuri, akaiwasha, akasogeza sumaku karibu na kona ya mbele. Pyu. Akaiondoa, kioo kikawaka pale pale bila kubonyezwa popote.

"Humu ndani kuna kitu kidogo kinachoangalia kama umeifunga," akasema. "Kwenye kifuniko wameweka kisumaku. Kikikaribia, yenyewe inajua imefungwa, inalala. Haikuwa inakufa. Ilikuwa inadhani mmeifunga, mkawa mnaiua nyinyi kwa kukandamiza kitufe."

Haloo alisimama. Nilitegemea atacheka.

"Kwa hiyo ni wewe, mama."

"Ni sumaku."

"Sumaku ya nani?"

Zima-Washa akauliza kama anaweza kuondoka nayo ile sumaku, nikamwambia aichukue, aitupe mbali, aitupe mtoni.

Hapo nje honi ikalia.

Zamu yake ilikuwa inaanza. Aliangalia begi, akaangalia kompyuta, na simu ya kwanza ikaingia. Haloo hawezi kuacha simu iite, ni kama mama mwenye mtoto mchanga. Akavaa hedifoni. "Haloo, karibu, nikusaidie nini?"

Baba yake akaingia bila kubisha, shati limenyooka, funguo za gari zinazunguka kidoleni. "Twende," akasema. Haloo akainua kiganja bila kugeuka. Ngoja.

Nimeishi na mwanamume yule nusu ya umri wangu na sijawahi kumwona akiambiwa ngoja. Alibaki amesimama katikati ya chumba, kwa sababu kiti kingine ni changu na nilikuwa nimekikalia. Fundi akajipenyeza pembeni yake akatoka, "Samahani mzee."

Simu ikaisha, nyingine ikaingia. Nikatandaza kitambaa upande wangu, nikaisogeza kompyuta kama kawaida. Kioo hakikuzima. Baba yake akasema kwa sauti ya chini, "Gari linawaka hapo nje." Nikamwambia, "Lizime basi." Simu ya tatu ikaingia, mtu mkali, tulimsikia sote anavyofoka. Haloo akamtuliza. Nilichungulia chini ya meza: vidole vinacheza. Nami nilikuwa natazama kona ile ya mbele, roho juu, nikingoja weusi.

"Kompyuta nimenunua mimi," baba yake akaniambia mimi, si Haloo.

"Ndiyo. Na inafanya kazi."

Akalisukuma begi kwa kiatu mpaka ukutani, akatoka. Gari liliondoka kwa nguvu isiyokuwa na sababu.

Haloo alipopata nafasi alifunika kipaza sauti kwa mkono. Nikamuuliza, "Nizitoe nguo?"

Alifikiri. Alifikiri zaidi ya nilivyopenda. "Toa za wiki hii, mama. Nyingine ziache kwanza."

Simu ikaingia. Nikapiga magoti, nikafungua begi, nikatoa za wiki hii. Kisha nikatoa na zile nyingine, nikalisukuma begi tupu chini ya kitanda kwa mguu, taratibu, asisikie.