Kinyama cha Shavuni na Maksai wa Ekitela

Ekitela ni fundi wa mawe hapa Chechelesi, lakini wazee wa rika lake humwita Apaloreng, jina litokalo kwa maksai wake mwekundu. Ndiyo desturi ya Waturkana: mwanamume huitwa kwa ng'ombe anayempenda, na Ekitela anampenda huyo kuliko anavyotaka mkewe Regina ajue.

Mwaka huu kinyama laini kiliota ndani ya shavu lake la kulia. Hakikuuma. Ila kutwa nzima alikipapasa kwa ulimi, mwisho akajihukumu mwenyewe kuwa ni saratani. Bila kumwambia mkewe, akamswaga maksai hadi kwa rafiki yake Lowoi.

"Mchukue, na jina lake. Mimi nakwenda."

Lowoi alitazama sahani ya nyama ambayo Ekitela alikuwa amemaliza muda si mrefu. "Kwa mtu anayekwenda, umefungasha vizuri."

Regina alijua kuwa maksai ametolewa pale watu sokoni walipoanza kumwita Lowoi Apaloreng. Alimbana mumewe mpaka akakitaja kinyama, kisha akamvuta hadi kwa daktari wa meno, Saadia, aliyemmulika kinywani.

"Salaam, mzee. Hili jino limevunjika tangu lini?"

"Tangu zamani. Haliumi."

"Lakini linachubua shavu, na wewe unalifyonza shavu ukiwa na mawazo. Ngozi ikisuguliwa kila siku hujijengea kinyama. Hakionekani kibaya. Nitakikata, kipimwe maabara, na jino nililainishe, la sivyo kitarudi."

Majibu yalipotoka, hayakuonyesha saratani. Regina alimshukuru Mungu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Ekitela hakucheka. Alikuwa mzima, bila ng'ombe na bila jina, na kwao zawadi ya namna hiyo hairudishwi kwa kuombwa.

Hata hivyo alikwenda kwa Lowoi, akakaa, akasimulia aliyoambiwa na Saadia, akasifu mvua, akasifu chai.

"Marehemu anaongea sana," Lowoi alisema.

"Nimepita tu kusalimu."

"Salimu basi. Huyo hapo zizini. Tangu aje kwangu ananitazama kama mwenye nyumba anayengoja mpangaji ahame. Nikimwimbia ananigeuzia mgongo."

Ekitela aliinamisha kichwa, shavu likaanza kuingia ndani.

"Acha kufyonza," Lowoi alisema, akimtupia kamba. "Utakiotesha kingine, halafu uniletee na mbuzi. Mpeleke nyumbani, Apaloreng."