Mashine ya Mama ya Karanga

Nikipita penye nyumba inayojengwa huku Gisozi, harufu ya saruji mbichi inanirudisha kwa mama. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa kubangua karanga, na magunia bado yalikuwa yamejaa. Siku moja akamimina saruji kwenye ndoo mbili, akatengeneza jiwe la kuzunguka ndani ya jingine, likizungushwa kwa pedali ya baiskeli, ili karanga zipite katikati na kubanguka.

Jirani yetu alicheka. "Mama, unajengea kuku kaburi?"

"Ngoja kwanza," mama alisema.

Mara ya kwanza karanga zilitoka zimesagika. Mama alikata kipande cha kandambili yake, akakiweka chini ya jiwe la ndani kuliinua, ili nafasi kati ya mawe ipanuke, akazungusha tena. Maganda yaliruka. Karanga nzima, nyekundu, zikamiminika miguuni petu.

Jirani alipiga magoti, akawa anazigeuza mojamoja, akitafuta iliyovunjika.