Mvua ya Mwezi wa Tisa na Sigara za Kasika

Mvua za mwezi wa tisa ziliposhika Butembo, Kasika, fundi wa kushona, alirudi tena kwenye sigara kwa nguvu. Ilikuwa hivyo kila mwaka. Ukungu ukishuka vilimani, moyo wake nao ulishuka. Usingizi ukamkimbia, chakula kikakosa ladha. Sigara mbili kwa siku zikawa kumi na tano.

Asubuhi moja alikuwa anamalizia robe, gauni la ndoa, ya binti mmoja wa Beni. Mama wa binti, Joyeuse, angekuja kuichukua mapema, maana gari lake la kurudi Beni lingeondoka saa saba, na baada ya hapo hakuna dereva aliyekubali kupita ile barabara ya matope. Kasika alishona huku sigara iko mdomoni. Jivu la moto likadondoka. Aliposikia harufu, tundu lilikuwa tayari kifuani mwa robe, pana kama kifungo cha koti.

Aliikunja haraka, tundu likafichika. Papo hapo Joyeuse akaingia.

"Papa, iko tayari?"

Jokébed, mke wa Kasika, aliacha kupiga pasi, akamkazia macho mumewe.

Kasika akaikunjua robe. "Hapana, mama. Nimeichoma na sigara."

Joyeuse alilitazama tundu. Alivuta kiti, akaketi. "Ndoa ni kesho. Shona."

Kasika alikata dantela, ile lesi ya urembo, ya pindo la nyuma, akaipachika kifuani, kushoto na kulia. Nje dereva alipiga honi. Koo lilimwasha kwa hamu ya sigara, hakuigusa. Honi ya tatu ilipolia alikata uzi, Joyeuse akainyakua robe na kukimbia bila kuaga.

"Mwezi ya saba ulikuwa unavuta?" Jokébed aliuliza.

"Kidogo tu."

"Na ulikuwa unaimba hapa. Mvua inaanza, unavuta mingi, na huzuni inazidi."

"Lakini sigara ndiyo inanituliza."

"Inakutuliza dakika ngapi?"

Kasika aliinama, akaokota vishungi vya sigara sakafuni.

Siku iliyofuata walikwenda kituo cha afya. Muuguzi, Gracieuse, alimwambia kwamba huzuni inayorudi na majira inaweza kuwa ugonjwa, na kuna msaada wake. Tena sigara inatuliza kiu iliyoletwa na sigara yenyewe. Awe anarudi kila Alhamisi.

Juma la kwanza bila sigara alimfokea Jokébed, kisha akalia peke yake. La pili alivuta sigara tatu, akazitaja zote kwa Gracieuse. Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuwa bado inapiga mabati. Kasika hakuwa amepona, ila jioni moja aliomba aongezewe sahani ya bugali, na Jokébed akampakulia.