Kipande cha Lucas Kapinga

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Beatrisi hushusha kopo kutoka juu ya kabati, akatoa kipande cha baba yake na kukifuta kwa pindo la kanga. Vumbi hakina. Ni karatasi ngumu ya zamani za manamba, wale vibarua wa mkataba, ya shamba la mkonge Maramba, yenye vijumba vya kutiwa alama siku za kazi, na juu yake jina: Lucas Kapinga. Akishakifuta hukiambia, "Haya baba, twende," kwa kuwa nyumbani hapana mwingine wa kumwambia.

Mtoto hakujaaliwa. Mumewe alizikwa kwao Lushoto, na tangu hapo mashemeji hawajabisha hodi. Kilichomkosesha raha ni misiba ya jumuiya. Kila msiba husimama mtu na karatasi, akasoma: marehemu ni mwenyeji wa mahali fulani, ameacha ndugu fulani na fulani. Beatrisi husikiliza akijiuliza, yangu itasomwaje? Baba yake alipoulizwa kwao ni wapi alikuwa akijibu, "Mbali," akachukua panga lake, maneno yakaishia hapo.

Basi aliposikia kuna tovuti ya kutafutia koo, akaanza kwenda dukani kwa Rizwan, pale mtaa wa Usagara, anapotoa fotokopi na kuchapia watu barua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wameamkaje hao watu wako wa mtandaoni?"

"Wamenuna vilevile."

Kweli walinuna. Walitaka tarehe aliyozaliwa baba. Beatrisi anajua tu kwamba ni mwaka wa nzige. Rizwan akabuni mwaka, wakaletewa akina Lucas mia nne, wengi wazungu wenye ndevu. Akaandika nchi Tanganyika, tovuti ikakataa. Rekodi za ubatizo zilipopatikana zilikuwa na ukungu na kufuli juu yake. Siku nyingine zikatokea picha tisa, bibi aoneshe zenye taa za barabarani.

"Za nini tena?"

"Wanataka wahakikishe wewe si mashine, bibi."

"Miaka sitini na tatu nafua, napika, nasali, leo naitwa mashine!"

Khurshid, mama yake Rizwan, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Beatrisi, hiyo kompyuta si uolewe nayo kabisa? Kila siku uko nayo, na posa haileti!"

Beatrisi naye akacheka. Alipenda kutaniwa. Wakati mwingine aliona anakuja kwa hilo tu.

Mwisho ukapatikana ukoo wa akina Kapinga, Wamatengo wa Mbinga, na ndani yake Lucas aliyekwenda mkonge. Beatrisi akashika meza. Rizwan akawaandikia wenye ukoo. Zikapita siku kumi na tisa, kila siku ni "bado, bibi." Ya ishirini jibu likaja, Rizwan akalisoma kwa sauti kabla hajalipitia kwa macho:

"Mzee wetu Lucas alifia Maramba mwaka 1959, tumbo lilimshika. Hakuacha mke wala mtoto. Wenzake walituletea nguo zake na rozari. Kipande hakikuja. Wewe ni nani?"

Khurshid akaacha mchele.

Beatrisi amezaliwa mwaka 1962. Hakuhitaji kuhesabiwa. Maramba jambo hilo lilijulikana, ila halisemwi mbele ya watoto: aliyetoroka mkataba hapokelewi shamba jingine bila kipande, basi mwenzake akifa, anachukua cha marehemu, na jina lake analivaa hadi kufa.

Akakumbuka kila Novemba, siku ya marehemu wote, baba alivyokuwa akimshika mkono hadi kwenye kaburi moja lisilo na msalaba, akalipalilia kwanza kuliko hata la mama. "Baba, huyu nani?" "Huyu ndiye aliyenipa kazi." Yeye alidhani ni nyapara.

"Bibi," Rizwan akasema taratibu, "niwajibu nini?"

"Andika hivi. Kaburi la mzee wenu lipo. Maramba, nyuma ya kanisa, limezungushiwa mawe meupe. Halijawahi kuota nyasi mwaka mzima. Alilipalilia baba yangu, kisha mimi."

Rizwan akaandika. "Na hapa wanapouliza wewe nani?"

"Acha hivyohivyo."

Akafungua kitambaa alichokuja nacho, akatoa kipande, akakifuta mara moja kwa pindo la kanga, akakiweka mezani. "Wakija wape. Ni chao."

"Usikate tamaa, bibi. Kesho tutatafuta kwa njia nyingine."

"Kwa jina gani, mwanangu?"

Beatrisi akainuka, akajifunga kanga vizuri, akampita Khurshid mlangoni.

"Beatrisi we, chai yako hii inapoa!"

Hakugeuka. Alikwenda akiwa ameshika pindo la kanga mkononi, kama mtu anayetafuta cha kufuta.

Kesho yake Rizwan akavuta kile kiti cha plastiki karibu na kompyuta, kama kawaida. Khurshid akamimina vikombe vitatu. Mvua za vuli zikaja, zikaisha, na kikombe cha tatu bado kinamiminwa, kinapoa, kinamwagwa.