Milima ya Anti na Lango la Mji

Siku ile nyumbani kwetu Parkdale, huku ughaibuni, tulikuwepo hawa: mimi, niliye mkubwa na ninayeitwa yaya na wadogo zangu; mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye ni mpishi wa hoteli; kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo; na Anti wa ghorofa ya chini, mjane wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi. Namhesabu pia marehemu mume wa Anti. Sikuwahi kumwona, lakini kazi ya mikono yake ilikuwa mezani kwetu kabla ya magharibi, na bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Wazazi wetu hawakuwepo. Baba alitangulia, mama akamfuata, tukiwa kambini baada ya kukimbia vita Kongo. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule kwa sababu ilibidi mtu apange foleni ya maji, na kulikuwa na mtoto wa kubebwa mgongoni. Mtoto huyo ndiye huyu wa usanifu. Silalamiki. Nilijiwekea jambo moja tu, kwamba huyu atamaliza masomo.

Jumatatu iliyokuwa inakuja alitakiwa kupeleka chuoni mfano wa ukuta wa mji wa Ulaya ya kale, pamoja na lango lake. Somo hilo alikuwa ameshalifeli mara moja. Akilifeli tena, anatolewa. Mimi nafanya kazi kiwanda cha maboksi Brampton, na nilijua kwamba akitolewa atakuja kuniomba nimwombee nafasi pale. Kazi ile imetulisha, siidharau. Lakini sikumbeba miaka yote ile ili nimpeleke kwenye mashine ninayoiendesha mimi.

Kadibodi ilitoka kiwandani, zile zinazotupwa kwa kukatwa vibaya. Alizikata upya, akasimamisha ukuta, minara na lango, mpaka Ijumaa gundi ikaisha. Nje theluji ilikuwa inamwagika.

"Gundi ya kununua ya nini?" akasema mpishi wetu. "Unga wa muhogo si upo?"

Kambini tulibandika magazeti kwenye kuta za udongo kwa uji mzito wa muhogo, na yalishika mpaka tukaondoka. Kwa hiyo sote tulikubali, hata msomi wetu. Uji ukapikwa, ukapoa, tukapaka kwa furaha, tukikumbushana picha gani ya gazeti ilikuwa juu ya kitanda cha nani.

Lakini udongo si kadibodi. Kadibodi iliunywa uji wote, kisha joto la nyumba likaikausha upande mmoja. Jumamosi mchana ukuta ulikuwa umepinda kutoka mwanzo hadi mwisho, na minara miwili ya lango imeinamiana kama wambea. Mdogo wetu alikaa akiutazama. Nikamuuliza tufanye nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akiogopa, kwamba hakuna la kufanya.

Ndipo Anti akapiga hodi. Alikuwa analeta bakuli letu, na kwa kuwa harudishi chombo kitupu, ndani mlikuwa na kachori. Akaingia, akaona meza.

"Ai! Hii ukuta yenu imelewa?"

"Anti, usicheke," nikamwambia. "Ni mtihani wake wa Jumatatu."

"Sicheki. Nani alipika hii gundi?"

Sote tukamtazama mpishi.

"Gundi ni nzuri," alisema Anti, akibonyeza mnara kwa kidole. "Lakini ya unga haipakwi kwa boksi. Inapakwa kwa karatasi, unakunja kunja, unaweka juu ya waya, unangoja ikauke polepole. Wiki mbili hivi."

"Anti, ni kesho kutwa," alisema mdogo wetu.

Anti akaweka bakuli chini, akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa anaburuta sanduku la safari kuukuu. Ndani, katikati ya mashuka, mlikuwa na milima.

Wagoa, Wakristo wa asili ya Uhindi, Krismasi ikikaribia, hutengeneza pango la Bethlehemu nyumbani. Mume wa Anti alikuwa karani, lakini kila mwaka, tangu Nairobi hadi hapa, aliongeza kipande kimoja cha mlima: karatasi ya kaki iliyokunjwa, gundi ya unga, mchanga kidogo, rangi ya kijivu. Ungeapa ni mawe. Ukigonga kwa kucha ulisikia mlio kama wa kifuu cha nazi.

"Kata," Anti akamwambia mdogo wetu. "Fanya ukuta."

"Anti, siwezi. Hii ni ya Mjomba."

"Mjomba yako amelala huko makaburini, hana haja nayo. Kata, mtoto. Yesu atazaliwa tu, hata bila mlima."

Mdogo wetu aliutazama uso wangu, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kutoa ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa kwamba akate. Namshukuru Mungu kwamba Anti hakunipa muda wa kufikiri.

Tulifanya kazi alasiri yote. Anti alikaa kwenye kiti cha dirishani akiuliza, na mdogo wetu alivyojibu ndivyo Kiswahili chake kilivyorudi. Hapo ndipo mimi pia nilipouelewa ule ukuta niliokuwa nauona kama boksi refu. Chini ni mnene na unalala nje kidogo, ili jiwe likidondoshwa kutoka juu liruke na kumpata adui. Juu una meno, jino la kujificha na pengo la kurushia mshale. Matundu ya mishale ni membamba kwa nje, lakini kwa ndani yanapanuka, mtu apate nafasi ya kugeuza mkono.

"Na minara inatokeza nje kwa nini?" aliuliza Anti. "Kupendeza?"

"Hapana, Anti. Ukiwa juu ya ukuta ulionyooka humwoni aliyejibanza chini yake. Ukiwa kwenye mnara unamwona kutoka ubavuni."

"Kama mimi na dirisha yangu ya jikoni. Naona nyote mnavyoegesha vibaya."

Lango ndilo lililotushangaza zaidi. Lina mlango wa mbele, wavu mzito wa chuma unaoshuka kutoka juu, kisha chumba chenye giza, kisha mlango mwingine. Dari ya chumba hicho ina matundu.

"Ya hewa?" nikauliza.

"Ya kumwagia watu mchanga wa moto, yaya."

"Kumbe!" alisema mpishi. "Mgeni anakaribishwa ndani, halafu anakaangwa?"

"Si mgeni, kaka. Ni adui."

"Na mlinzi atajuaje nani ni nani?" aliuliza Anti.

Mdogo wetu akasimama na kisu mkononi. Kisha akasema kwamba kwenye malango mengine ndani ya mlango mkubwa palikuwa na mlango mdogo, wa kupita mtu mmoja akiwa ameinama, na mlinzi akamtazama uso. Hakuwa ameuweka. Akaukata palepale, na kaka yake akautengenezea bawaba kwa kiwaya cha kufungia mfuko wa mkate.

Jumatatu sikufanya kazi ya maana kiwandani. Alinipigia wakati wa chakula cha mchana, akilia, na alilia kwa Kiswahili. "Yaya, nimepita." Walimu walimuuliza mambo mengi kuhusu mlango mdogo, na yote aliyajibu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba chuo kinataka kubaki na ukuta ule, uwekwe kwenye kabati la vioo ukumbini.

Nilishuka kwa Anti nikiwa sijavua hata viatu vya kazi. Aliposikia alipiga makofi. "Waache wakae nayo! Mzee wangu hakufika chuo maisha yake yote. Leo ameingia."

Krismasi ile pango lake lilikaa juu ya kitambaa kitupu, na wageni aliwaambia Bethlehemu ya mwaka huu ni tambarare. Walicheka. Mimi sikuweza.

Mdogo wetu sasa yuko mwaka wa mwisho. Mimi, Jumamosi nikiwa sina zamu, nashuka chini kujifunza kukunja karatasi. Mume wa Anti alikuwa na namna yake ya kuiminya kwa kidole gumba, na Anti anaikumbuka kwa macho tu, si kwa mikono, kwa hiyo milima yangu inatoka kama mikate. Wiki iliyopita aliubonyeza wa mwisho, ukabonyea.

"Huu haufai hata kwa mbuzi," akasema. "Anza tena."

Nimeanza tena. Pango lake bado halina hata mlima mmoja kutoka kwangu.